Daktari Kadija na Maji ya Samaki

Wasikilizaji wapendwa wa Kapata, wa Dilala, nanyi mlio mbali kule Sandoa mnaotupata redioni kwa kukwaruza-kwaruza, hamjambo. Ongezeni sauti kidogo. Leo tunamkumbuka Daktari Kadija Hamadi, daktari wa wanyama. Alifariki wiki iliyopita hospitalini. Moyo ulimshinda. Amezikwa hapa Kolwezi, kando ya baba yake.

Mmezoea kutusikia tukizungumza polepole saa hii. Leo mtatuvumilia. Leo tuna hasira. Kadija mwenyewe aliondoka na hasira yake kifuani, na si haki kuizika pamoja naye kimyakimya.

Alizaliwa Kapata, katika zile nyumba za safu za kampuni ya migodi. Baba yake, mzee Hamadi, alitoka Kasongo na lori lake akabaki huku. Mama yake alifuga mbuzi nyuma ya nyumba. Mdogo wake, Malaika, aliyemwita yaya, yaani dada mkubwa, anakumbuka hivi: "Yaya Kadija hakuogopaka kitu. Mbuzi akigonjwa, anamufungua kinywa na mikono yake, anaangalia mu meno sawa dentiste. Mama analalamika, 'Utaumwa!' Yeye anasema, 'Wacha, mama, anataka kuniambia kitu.'"

Akasomea Lubumbashi, akarudi na shahada. Kwa miaka mingi alikagua nyama sokoni. Wauza nyama walimkimbia. Nyama ikiwa na minyoo, aliimwagia mafuta ya taa pale pale, mbele ya wateja, ili isirudi mezani kwa mlango wa nyuma. Huyo ndiye Kadija. Hakuwa mtu wa kunong'ona.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, tuje kwenye samaki.

Kuna hoteli moja kubwa Dilala. Hatutaitaja kwa jina, mnaoijua mnaijua. Mwenye hoteli alileta akwariamu ya maji ya chumvi, ndefu kama ukuta, akaiweka pale wageni wanapopokelewa. Samaki wa bahari, hapa kwetu, mbali na bahari zote! Samaki wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe. Samaki wa buluu kama wino. Matumbawe, konokono, na kamba wa bahari, wale wadudu wa majini wenye ndevu ndefu.

Kisha samaki wapya waliletwa kwa ndege, wakatiwa humo moja kwa moja. Haukupita muda, wote wakaanza kujikuna kwenye mawe. Wakahema haraka, midomo juu. Msimamizi wa hoteli, Bwana Stany, akampigia Kadija simu.

Kadija hakuwahi kuona bahari. Lakini alikuja na hadubini yake. Akamshika samaki mmoja kwa kitambaa chenye maji, akamkwangua ute kidogo ubavuni, akautazama. Akaona kidudu cha mviringo, kina manyoya pande zote, kinazunguka kama gurudumu. Kwa macho matupu, samaki alikuwa na madoa meupe kama punje za chumvi.

"Hiki ni kimelea," akamwambia Stany. "Kinakula ngozi na matamvua anayopumulia samaki. Kikishiba kinaanguka kwenye mchanga, kinajifungia ndani ya ganda, kinazaa. Wale watoto wanatoka kuogelea, wanatafuta samaki mwingine."

"Na dawa yake?"

"Shaba."

Stany akacheka. Shaba! Hapa Kolwezi, mji wa migodi ya shaba! Lakini ni kweli, wasikilizaji wapendwa. Dawa ya kimelea kile ni shaba iliyoyeyushwa, kidogo sana, kwa kipimo. Inakiua kikiwa kinaogelea. Kilicho ndani ya ganda haikiwezi. Ndiyo maana dawa inakaa kwa wiki kadhaa, na maji yanapimwa kila siku. Ikipungua, kimelea kinapona. Ikizidi, samaki anakufa.

Na jambo hili mlishike, tutalirudia: shaba hiyo hiyo inaua konokono. Inaua kamba. Inaua matumbawe. Hata kiasi kidogo. Kwa hiyo Kadija hakutia dawa kwenye akwariamu ile kubwa. Hata tone. Aliwahamisha samaki wote kwenye beseni la matibabu, chumba cha nyuma, akawatibia humo. Akwariamu ikabaki bila samaki, ili vimelea vilivyobaki mchangani vikose cha kula, vife kwa njaa. Kamba na konokono walibaki mle wazima kabisa.

Samaki wakapona. Wakarudi mahali pao. Mwenye hoteli akapiga picha nao.

Tunarudia: Kadija hakutia shaba kwenye akwariamu kubwa.

Miezi ikapita. Mashine ya hoteli ya kuchuja maji ikaharibika, na hakuna aliyejali kuitengeneza. Kila siku maji ya akwariamu yalipungua kwa joto, na kila siku waliongeza maji ya bomba. Kisha kamba wakaanza kufa. Wakafuata konokono. Matumbawe yakapauka. Mwisho samaki wakaanza kuhema.

Stany akampigia tena. "Docteur, bile bidudu bimerudi!"

Kadija akakwangua ute. Safi. Akatazama matamvua ya samaki aliyekufa. Hakuna kimelea. Akamtia samaki mwingine kwenye maji baridi yasiyo na chumvi kwa dakika chache, maana minyoo bapa ikiwepo huwa inadondoka humo. Hakuna kilichodondoka. Akasimama akawaza. Kamba ndio waliotangulia kufa. Kimelea cha samaki hakiui kamba.

Akatoa kile kipimo chake cha shaba, kilichobaki tangu matibabu. Maji yakageuka rangi. Akaenda kwenye bomba la jikoni, akapima maji ya bomba. Rangi ikapita mwisho wa kipimo.

Alikuwa mwangalifu, hilo tuliseme. Alijua kwamba shaba inayoua kamba inaweza kuwa kidogo mno isimdhuru mtu. Kwa hiyo hakupiga kelele. Aliuliza tu: "Maji haya yanatoka wapi?"

Yalitoka kwenye kisima kirefu cha hoteli. Na kisima hicho kilikuwa na bomba la pili, nje ya ukuta, kwa ajili ya mtaa wa nyuma. Mwenye hoteli alikuwa ameufungulia mtaa bomba hilo kwa sherehe na ngoma.

Kadija akazunguka ukuta. Pale bombani alimkuta Mama Florentine, anayeuza maandazi, akijaza bidon, dumu lake la maji. Akamwuliza maji yakoje.

Mama Florentine anasimulia mwenyewe: "Nikamwambia, mama docteur, mayi hii iko na ladha ya chuma. Ukipika bukari, ule ugali wetu, iko inageuka rangi. Batoto asubuhi banakunywa, banatapika. Tulisema ni malaria. Tulikunywesha batoto dawa ya malaria, tena na tena. Yeye akakaa chini palepale ku bulongo, akashika kichwa. Akasema, 'Mama, usiwape tena.'"

Kadija alipeleka chupa za maji maabara Lubumbashi. Majibu yakaja. Shaba ilikuwa imezidi mbali sana kiasi ambacho mtu anaruhusiwa kunywa. Juu ya mtaa kuna kiwanda cha kuosha madini, na bwawa lake la maji machafu lilikuwa limepasuka chini, likivujia ardhini hadi kisimani. Wazee wa mtaa walikuwa wamelalamika juu ya bwawa hilo zamani. Hakuna aliyewasikia.

Kadija akampelekea Stany majibu. Wasikilizaji wapendwa, mnajua Stany alifanya nini?

Alinunua mashine mpya ya kuchuja maji. Akaifunga kwenye akwariamu.

Tunarudia, ili asiyesikia asikie. Alinunua mashine, akaifunga kwenye akwariamu. Samaki wakapata maji safi. Bomba la nje likabaki kama lilivyokuwa. Upande huu wa ukuta, samaki wanapumua vizuri. Upande ule, watoto wanatapika.

Halafu, ili kuziba mambo, akatangaza kwamba ni Kadija aliyeua kamba na matumbawe. Dawa yake ya shaba! Alizidisha kipimo! Mji mzima ukaambiwa. Sokoni wale wauza nyama aliowabana wakapata la kusema. "Muuaji wa samaki anapita." Yeye, aliyehamisha samaki mmoja mmoja kwa mikono yake ili tone la dawa lisiwaguse kamba!

Akaenda ofisi moja ya serikali, na majibu mkononi. Akaambiwa, "Wewe ni daktari wa mbuzi, mama. Lete mtaalamu wa maji." Akaenda ofisi ya pili. Wakamwambia arudi kwenye ile ya kwanza.

Malaika anasema: "Alifika ku nyumba, hakukula. Akaniambia, 'Malaika, kama ningelisema samaki beko banakufa, wote bangelikimbia. Mi nasema batoto, banasema rudi kesho.'"

Hakurudi kesho. Kesho yake, saa ya chakula cha mchana, ukumbi wa hoteli ukiwa umejaa wageni wenye suti, mlango ulifunguliwa, na Kadija akaingia. Nyuma yake Mama Florentine. Nyuma yao wanawake wa mtaa, wenye watoto mgongoni, kila mmoja na bidon la njano. Wakaketi kwenye vigae, mbele ya akwariamu, wakaufunga ukumbi mzima.

Stany akaja mbio. "Docteur, hii ni nini?"

"Tunaomba maji."

"Bomba liko nje!"

"Lile ni la batu," akajibu Mama Florentine. "Shiye tunataka hii ya samaki."

Kadija akasimama. Alikuwa mfupi, mnamkumbuka, lakini sauti yake ilijaa ukumbi. Akawageukia wageni. "Mabwana na mabibi, tazameni samaki hawa. Walipougua, hoteli hii iliita daktari siku hiyo hiyo. Maji yao yalipoharibika, walinunuliwa mashine. Watoto hawa wanakunywa maji yale yale yaliyoua kamba wa hapa. Nani amewaita daktari? Bwana Stany, jaza hili bidon kwa bomba la nje. Kisha unywe hapa, mbele yetu. Ukimaliza, tutaondoka."

Stany hakunywa. Wageni waliona kwamba hakunywa. Simu zilikuwa juu zinarekodi. Mgeni mmoja alisukuma glasi yake ya maji mbali, akaomba hesabu yake. Wengine wakafuata.

Basi mwenye hoteli, ambaye alikuwa hapatikani kwa wiki nzima, alipatikana ndani ya saa moja.

Jioni ile bomba la nje lilifungwa, na lori la maji likafika mtaani. Baadaye kikachimbwa kisima kipya, mbali na bwawa lile, na safari hii Kadija alipima maji yake mwenyewe kabla ya mtu kunywa. Watoto wakaacha kutapika. Hilo alilishinda, na aliliona kwa macho yake. Mungu asifiwe.

Lakini bwawa lile bado linavuja. Leo, tunapozungumza. Kiwanda hakijaulizwa. Ofisi hazijaomba radhi. Na hakuna aliyesimama hadharani kusema kwamba Kadija Hamadi hakuua samaki. Basi tunasema sisi, kwa kipaza sauti hiki: hakuua. Aliwaponya. Aliyeua ni yule anayejua na kunyamaza.

Hatusemi hasira ndiyo iliyomwua. Madaktari walisema ni moyo, ulikuwa umechoka muda mrefu. Tunasema tu kwamba alipokuwa kitandani bado alimwuliza Malaika kila siku kama kuna mtu amekwenda bwawani.

Siku ya matanga, gari la hoteli lilifika Kapata na shada kubwa la maua. Lilikuwa na utepe ulioandikwa "Kwa daktari wetu mpendwa." Malaika alitoka nje, akalisoma. Akalirudisha ndani ya gari kwa mikono yake.

Akamwambia dereva, kwa upole, maana dereva hana kosa: "Kaka, rudisha. Wakati alikuwa muzima bamemwita muuaji. Sasa amekufa, njo banamwita wetu? Kadija haiko wabo. Iko wetu."

Wanawake wa mtaa ule, waliokuwa wameketi uani wakipika, wakapiga vigelegele kwenye msiba. Hakuna aliyewakataza.

Kwa Malaika, kwa ukoo wa Hamadi hapa na Kasongo, kwa Mama Florentine na jirani zake: poleni sana. Sisi ni wa Mungu na kwake tutarejea. Ampumzishe mahali pema.

Na wewe unayetusikia, usiishie kusema maskini, alikuwa mama mzuri. Tazama maji uliyowatekea watoto leo. Uliza yanatoka wapi. Ukijibiwa urudi kesho, chukua bidon lako, waite jirani zako, nendeni mkaketi.