Kundi la Nane la Mzee Strothe

Mzee Volkmar Heinrich Strothe, tunayemzika leo hapa Kidete, alizaliwa tarehe 3 Machi 1948 mjini Celle, kaskazini mwa Ujerumani. Alikuwa mtoto wa kwanza wa fundi saa.

Alisoma hukohuko Celle, kisha Chuo Kikuu cha Göttingen, alikopata shahada ya uzamivu mwaka 1975 katika nadharia ya namba. Somo hilo huchunguza tabia za namba nzima, hasa namba tasa, zile zinazogawanyika kwa moja na kwa zenyewe tu.

Agosti 1979 alifika Kilosa kufundisha hisabati sekondari kwa mkataba wa miaka miwili. Alifundisha miaka thelathini na moja.

Tarehe 14 Mei 1983 alifunga ndoa na Verdiana Stefano, binti wa mfanyakazi wa reli wa Kidete, wakajenga hapa. Siku ya posa mkwewe alimuuliza anafanya nini akitoka darasani. "Natafuta namba, baba." Mzee Stefano akauliza, "Zimepotelea wapi?" Marehemu alisema hakuwahi kuulizwa swali gumu zaidi.

Mwaka 1996 mfugaji Machibya, aliyetokea Shinyanga, alihamia jirani. Marehemu alimuuliza ana ng'ombe wangapi. Machibya akamwambia, "Kwetu hawahesabiwi kwa mdomo, mzee. Mimi nawajua." Siku moja Machibya alikwenda Kilosa, akamwomba marehemu aangalie mifugo ikirudi. Aliporejea aliuliza, "Wamerudi wote?"

"Wote. Nimesikia kengele."

"Kengele anavaa mmoja. Yule mweupe wa pembe moja umemwona?"

Hakuwa amemwona. Alipatikana kesho yake kwenye maharage ya watu, na marehemu alikwenda mwenyewe kuomba radhi.

Mwaka 2011 jarida moja la hisabati lilichapisha uthibitisho wake wa swali alilolifanyia kazi kwa miaka ishirini. Alikuwa amezigawa namba tasa zote zinazozidi tatu katika makundi manane, kwa kufuata baki inayopatikana zikigawanywa kwa ishirini na nne. Pongezi zilifika, na chuo kimoja cha Ujerumani kikamwalika akapokee tuzo. Wiki tatu kabla ya safari alitembelewa na Limi, binti wa Machibya, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake na sasa ni mwalimu wa hisabati Mikumi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umesoma?"

"Nimesoma. Makundi saba yako zizini. La nane umesikia kengele tu."

Marehemu alifungua ukurasa ambao Limi alimwonyesha, akausoma mpaka chai ikapoa. Kundi lile alikuwa amelichukulia kwamba linafuata mengine, bila kulikagua. Wiki hiyohiyo aliliandikia jarida kufuta uthibitisho wake, akamtaja Limi kuwa ndiye aliyeliona kosa. Tuzo haikutolewa. Alilifanyia kazi kundi la nane kwa miaka mingine kumi na miwili, hakufanikiwa.

Mwaka 2022 figo zake zilianza kushindwa, akawa anasafishwa damu Morogoro. Mwezi uliopita mwanawe Gabrieli alimsomea rasimu ya wasifu huu, iliyosema kwamba alilimaliza swali lile.

"Futa hapo," alisema marehemu.

"Baba, hapa Kidete nani atajua?"

"Limi atajua. Na atakuwepo. Andika makundi saba."

Alifariki dunia Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, saa nne asubuhi, hospitalini Morogoro.

Ameacha mjane, Verdiana, watoto wawili, Anitha na Gabrieli, wajukuu watatu, na mdogo wake, Ulrike, aliyeko Celle. Madaftari ishirini na sita ya kundi la nane amemwachia mwalimu Limi, ambaye yuko nasi hapa.

Marehemu alithibitisha makundi saba.

Mungu ampe pumziko jema.