Salvina Temba na Sanaa Iliyofugishwa Mlimani

Bi. Salvina Temba, mhifadhi mkuu wa Makumbusho ya Sanaa ya Ghala la Njoro, anastaafu tarehe 30 Juni 2025 baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi. Ndiye mwajiriwa wetu wa kwanza, na kwa muda mrefu alikuwa mwajiriwa pekee. Wageni wanaokuja Moshi kwa ajili ya mlima huingia kwetu siku ambazo mlima umejificha kwenye mawingu, na karibu wote huuliza kwa nini mlango wa jengo uko ubavuni, na kwa miaka mingi waliuliza pia kwa nini vibao vingi ukutani vimeandikwa "Kazi hii iko Kilema" au "Kazi hii iko Kirua Vunjo". Majibu yote yanaanza na Salvina.

Jengo lenyewe lilikuwa ghala la kahawa la familia ya marehemu Mzee Jayant, na Salvina alikuwa mpokeaji wa magunia humo. Bei ya kahawa iliposhuka na wakulima wakaanza kung'oa mibuni, ghala likabaki tupu. Mzee Jayant alikuwa akichora picha za rangi za maji kila Jumapili, ingawa hakumruhusu mtu yeyote kutundika hata moja. Mwaka 1996 aliwapa wasanii wa mkoa jengo hilo walitumie bila kodi. Wafanyakazi wengine walilipwa haki zao wakaondoka. Salvina alibakizwa kwa sababu ambayo Mzee Jayant aliitaja kwenye kikao cha kwanza: "Huyu anajua paa linavuja wapi." Cheo chake kilikuwa Mtunza Funguo.

Onyesho la ufunguzi nusura liwe la mwisho. Msanii mmoja kutoka Dar es Salaam alikuwa ameona masale kila alikopita mlimani, akayapenda kwa ukijani wake. Akapanda mstari mrefu wa masale mbele ya mlango mkuu, kazi hiyo akaiita "Karibu". Kwa watu wa huku masale ni mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, ni alama ya kaburi, na ndiyo majani anayoyashika mtu anapokwenda kuomba msamaha. Wazee walioshuka na lori kutoka Kilema walisimama nje ya mstari, wakagoma kuvuka.

"Amezikwa nani hapa?" mmoja akauliza.

Msanii akaeleza kwamba kuruka kunaruhusiwa, na kwamba huko kuruka ndiyo sanaa yenyewe. "Ruka wewe," akajibiwa. "Sisi tuna wajukuu."

Kuyang'oa hakukuwezekana, maana hakuna aliyekuwa tayari kuyawekea mkono. Salvina alikumbuka kwamba ubavuni palikuwa na mlango wa kupitishia magunia, uliozibwa kwa matofali zamani. Akamwita fundi, na wageni rasmi wakasubiri vumbi litulie. Wazee wakaingia hapo wakiinama, wakatazama kila kitu, wakala, wakaondoka wameridhika. Masale yamekuwa ua mnene sasa, na mlango mkuu haujafunguliwa tangu siku hiyo.

Jambo lililoyafanya makumbusho haya yajulikane mbali lilitokana na hasara. Mvua za El Niño ziliingiza maji ghalani, na kwa kuwa hatukuwa na stoo, kazi ambazo hazikuwa ukutani zilikuwa zimeegemezwa sakafuni. Baadhi hazikupona. Salvina alikwenda kwa Mzee Jayant na pendekezo ambalo hakuna mtaalamu wa uhifadhi angelitoa: kazi zipandishwe mlimani, zifugishwe.

Mtu mwenye ng'ombe wengi kuliko majani yake humpelekea jirani mmoja amtunzie. Mfugaji anapata maziwa, na samadi inakwenda kwenye migomba yake. Ng'ombe na ndama hubaki mali ya mwenyewe, naye kwa hiari yake humtupia mfugaji ndama mmoja wa shukrani. Ni utaratibu wa zamani ambao kila mtu anaujua, na Salvina hakuona kwa nini usitumike kwa picha.

"Sasa picha zangu zitakula majani?" Mzee Jayant aliuliza.

"Majani hazili, mzee. Ila zikikosa nyumba kavu zitakufa kama ng'ombe tu."

Masharti yalikuwa machache. Kazi isitundikwe jikoni penye moshi. Isipigiliwe msumari. Mtu akija kuitazama asifukuzwe. Maziwa ya mfugaji yalikuwa wageni: makumbusho yaliwapandisha mlimani, nao walinunua kahawa na ndizi, wakalipia chakula, wakapiga picha na bibi wa nyumba. Salvina alizunguka na brashi laini kukagua hali ya kila kazi, na watoto wakampa jina la Bwana Mifugo. Walikuwa wakikimbia mbele yake kutangaza, "Mama, Bwana Mifugo wa picha amefika, ficha kuku!"

Si kila ng'ombe alipokelewa kwa furaha. Mama Zita wa Kilema alipewa turubai kubwa jekundu lisilo na umbo lolote linalotambulika. Baada ya mwezi alimkamata Salvina nje ya kanisa. "Huyu wako hatoi maziwa," alimwambia. "Nimekaa naye mwezi mzima sijajua hata kichwa kiko wapi." Salvina akaenda, akaligeuza turubai juu chini. Mama Zita akalitazama, akasema sasa afadhali kidogo. Mchoraji alipopita baadaye na kuona kazi yake imepinduliwa, alikaa mbele yake muda mrefu, kisha akaomba iachwe hivyo hivyo.

Hapakuwa na mkataba wa maandishi. Ng'ombe wa kufugisha hukabidhiwa mbele ya majirani wawili, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikinywewa, na hao ndio mashahidi. Salvina alifuata utaratibu huo bila kupunguza kitu, bodi ikanyamaza. Wenzetu wa makumbusho makubwa walikuja kuuliza kuhusu wizi. Hakuna kazi iliyoibwa. Salvina aliwaeleza kwamba ni vigumu kuuza ng'ombe ambaye tarafa nzima inamjua kwa sura.

Mzee Jayant alifariki mwaka 2023, jengo likawa la watoto wake, Amit na Disha. Januari mwaka huu Disha alikuja mbele ya bodi. Familia ilikuwa tayari kuyapa makumbusho jengo hilo moja kwa moja, kwa sharti kwamba kazi zote zionekane ndani yake kabla ya mwisho wa Juni. Zisipoonekana, jengo lingekodishwa kwa mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi. "Nyumba ya sanaa isiyo na sanaa ni ghala," alisema, "na ghala nina mpangaji wake." Aliongeza kwamba kazi anayoitaka kuliko zote ni "Mfereji", kwa sababu ndiyo ya kwanza baba yake kuinunua. Hakuna aliyeweza kusema anaonea.

Salvina na msaidizi wake, Pamela, walianza kupanda mlimani mwezi Februari. Nyumba moja baada ya nyingine ilirudisha. Mama Zita alileta turubai jekundu mwenyewe, amelifunika blanketi, na alimwonya Pamela asije akaligeuza. Kufika mwisho wa Mei kazi zote zilikuwa Njoro isipokuwa moja, na moja hiyo ilikuwa "Mfereji".

"Mfereji" ni ubao wa mringaringa, mrefu kuliko kitanda, uliochongwa na Ebenezeri wa Kirua Vunjo. Mawimbi yake yanafuata njia ambayo maji ya mlimani hupita kutoka kihamba hadi kihamba. Ulifugishwa kwa Mzee Melkior, kijiji kile kile alikozaliwa mchongaji. Melkior alifariki mwaka 2019, na sasa nyumba inasimamiwa na mwanawe Ronald.

Ronald aliwapokea vizuri. Alitoa shikamoo, akawakaribisha ndani, akaleta kahawa. Kisha akasema, "Mama, hiki kitu nimekikuta ukutani nikiwa mtoto. Baba aliniambia ni cha nyumba hii. Makumbusho hakuyataja." Katika mashahidi wawili, mmoja amefariki. Wa pili amehamia kwa binti yake Morogoro, na kumbukumbu imemtoka.

Kosa lilikuwa la Salvina, na hakulikana. Mfugaji akifa, mwenye ng'ombe anatakiwa kwenda kwa mrithi na kuweka mashahidi upya. Salvina alikwenda msibani, akapika na akina mama, akakaa hadi matanga yakaisha. Hakusema neno, kwa sababu hakuna mwenye adabu anayedai ng'ombe msibani. Baadaye aliona bado ni mapema. Mwaka ulipopita, akaona haya kuanza. Adabu hiyo sasa ilikuwa inakaribia kutunyima paa.

Amit alishauri mwanasheria. Salvina aliomba kwanza apande mara moja zaidi, na Disha akasema atakwenda naye akaione kazi yenyewe kwa macho.

Safari hii Salvina hakuingia sebuleni. Alikwenda kukaa nje ya jiko na Mama Kornelia, mjane wa Melkior. Walizungumza mvua, wakazungumza nani ameoza binti, wakamsema paroko kidogo. Pamela anasema alianza kuamini kwamba bosi wake amesahau kilichowaleta. Ndipo Salvina akasema, "Mama Ronald, leo sikuja kuchukua kitu. Nimekuja kuuliza ndama."

Kwa asiyejua, swali hilo ni la kawaida. Lakini anayeuliza ndama ni mwenye ng'ombe peke yake, na anayemjibu amekiri kwamba ng'ombe si wake. Ronald alilielewa upesi, akatoka ndani mbio.

"Mama, usijibu!"

"Nisijibu kwa nini?" Mama Kornelia akamgeukia. "Nimekula maziwa ya mtu miaka yote hii, wageni wamejaa hapa hadi nimenunua masufuria mapya, leo nimwambie hajazaa? Kaa chini, wewe. Mary! Leta lile dirisha lako."

Mary ni binti wa Ronald na anajifunza useremala. Alileta ubao wa dirisha aliouchonga mwenyewe, wenye mawimbi yale yale ya "Mfereji", ila yake yanapanda badala ya kushuka. Wala hakuwa peke yake. Tangu zamani maseremala wa kijiji hicho huja kuupapasa ubao huo kwa Melkior na kurudi kuchonga milango ya watu, na ukitembea pale utaiona milango hiyo barabara nzima.

"Ndama wako hao," Mama Kornelia alisema. "Wengine tumeshawauza Himo. Hao usinidai."

Ronald alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akaanza kucheka. "Mama ameniuza mchana kweupe," alisema. Akakubali "Mfereji" ushuke, kwa sharti lake moja: zizi halikai tupu. Salvina alimwambia achague mwingine, na ndama wa Mary abaki kwa Mary kama shukrani ya mfugaji. Ronald akachagua turubai jekundu la Mama Zita, ambalo alikuwa amesikia sifa zake.

Palihitajika mashahidi wapya. Jirani mmoja aliitwa. Disha akauliza kama yeye anaweza kuwa wa pili. Ronald alimjulisha kwamba shahidi hunywa mbege. Disha hanywi pombe. Mama Kornelia alifikiri, akaamua kwamba chai itatosha, na kwa tunavyofahamu hilo halikuwa limewahi kutokea katika ukoo ule. Walipokuwa wakishuka, Pamela, kwa uaminifu wake, alimkumbusha Disha kwamba turubai hilo likipanda mlimani sharti la familia litakuwa limevunjwa. Disha alijibu kwamba sharti aliliandika yeye na kalamu anayo.

Tunayo mengine ya kumshukuru Salvina. Ndiye aliyefungua milango kwa shule za msingi siku za Jumatano, akawazoesha wanafunzi kuuliza kabla ya kuambiwa. Ndiye aliyewafundisha Pamela na wenzake kutibu turubai lililoota ukungu. Alialikwa mara kadhaa kwenda nje kueleza mfumo wake, akakataa kila mara kwa maelezo kwamba wanaotaka kuona ng'ombe huja zizini. Miaka yake yote hakupoteza kazi hata moja iliyokuwa mikononi mwa mfugaji. Paa bado linavuja, na amemwonyesha Pamela wapi.

Hati ya jengo ilisainiwa tarehe 20 Juni, mbele ya wafugaji waliojaa ukumbi. Ronald na majirani zake walikuwa wameubeba "Mfereji" wenyewe kutoka kwenye gari hadi ukutani. Hotuba zikiendelea, Ronald aliusogelea, akaanza kupitisha kiganja juu ya mawimbi, pale ambapo ubao umeng'aa kwa mikono ya watu wa nyumbani kwake. Mlinzi wetu, Eliakim, ambaye ni makini, akamwendea. "Kaka, humu hairuhusiwi kugusa."

"Mimi?" Ronald akasema. "Mimi nisimguse?"

Salvina alikuwa mstari wa mbele, karibu na Disha. Hakusimama. Aligeuza kichwa tu, akasema, "Eliakim, mwache." Kwa kumbukumbu za ofisi, hilo ndilo agizo lake la mwisho kazini, na bado linatekelezwa.

Bi. Salvina, tunakushukuru kwa nyumba uliyotuachia na kwa njia zote za mlimani ulizotufundisha kupita. Nyumbani kwako Kilema wanakupokea wakati kahawa inaanza kuiva. Mungu akupe afya, migomba yako izae vizuri, na uzeeni usikose wa kuzungumza naye nje ya jiko.