Historia ya Mama Nyambizi na Pete Nyekundu

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenza wa dada yetu, mimi ni mdogo wake wa kumfuata, familia imenipa kazi ya kusoma kwa sababu nina sauti, si kwa sababu nina subira, kwa hiyo nikikwama mnivumilie, na nikisema jambo ambalo hamkutarajia kulisikia mbele ya jeneza, mjue si langu, ni lake, ameniagiza mwenyewe.

Marehemu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Mama Nyambizi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, mtoto wa kwanza wa baba yetu mfua vyuma na mama yetu mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na gereji, akaanza shule mwaka 1965, akamaliza sekondari mwaka 1976, kisha akajiunga na chuo cha ufundi akiwa msichana pekee katika darasa la mitambo ya maji, ambako walimu walimwambia atashindwa, naye akawajibu kwa kufaulu.

Januari 1980 aliajiriwa katika kituo cha kusukuma maji cha mji, akakaa hapo mpaka alipostaafu mwaka 2018. Kazi yake ilikuwa pampu, lakini mapenzi yake yalikuwa nyambizi za mfano, vyombo vya urefu wa mkono vinavyozama na kuibuka kwa rimoti, alivyovitengeneza jioni juu ya meza ya jikoni, mpaka mumewe, shemeji yetu, akazoea kula amepakata sahani. Roho ya chombo hicho ni pete ya raba, inayokaa katika mfereji wake kati ya bomba, ndilo mwili wa chombo, na kifuniko, na dada hakuruhusu mtu aifunge kabla ya kuipitisha vidoleni kutafuta ufa, kuufuta mfereji kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha kuipaka pete grisi ya silikoni kidogo tu, iking'aa inatosha, kwa maana alisema kinachozuia maji ni raba, kazi ya grisi ni kuisaidia raba ikae vizuri, na anayeijaza kama anapaka mkate siagi anajidanganya.

Tarehe 15 Desemba 1984 alifunga ndoa na shemeji yetu, msimamizi wa bwawa la kuogelea, wenye maneno wakasema amempendea bwawa, naye hakuwahi kukanusha. Walijaliwa watoto wawili, binti mwaka 1986, ambaye leo ni mwalimu, na mvulana mwaka 1991, aliyejifunza ufundi mikononi mwa mama yake na kuajiriwa katika kituo kile kile. Shemeji alitutoka Mei 2009.

Sasa nafika mahali ambapo baadhi ya wazee wa familia waliniomba niparuke. Tarehe 20 Agosti 2016 kituo kilikuwa na siku ya wageni, na dada na mwanawe wakaleta nyambizi kubwa kuliko zote, waliyoijenga pamoja. Dada aliipaka pete grisi na kuifunga mwenyewe majuma mawili kabla, kijana akafungua kifuniko asubuhi hiyo kuweka betri, akakifunga tena, chombo kikatiwa katika tangi mbele ya wakubwa, kikazama vizuri, hakikurudi. Walipokiopoa kilikuwa kimejaa maji, pete imevimba na kutoka mahali pake, na dada yetu, ambaye hasira zake siku zote zilifika kabla yake, akamwambia mwanawe watu wote wakisikia: "Umeipaka mafuta ya kujipaka mwilini, yameivimbisha. Mikono yako ni ya kuzamisha."

Kijana alijitetea kwamba pete ilikuwa imenenepa kabla hajaifunga, hakuna aliyemsikiliza, kesho yake karakana nzima ikamwita Zamisha, na ninyi wenzake mlioketi pale kulia mnajua jina lile lilivyomganda. Fundi anayeitwa Zamisha nani atamwachia pampu yake? Kabla ya mwaka kwisha aliacha kazi, akahama mji, akawa anapiga simu kwa dada yake, kwa mama yake hapigi.

Februari 2023 marehemu aligundulika na maradhi ya figo, akalazwa, akaruhusiwa, akalazwa tena, na katika kipindi cha nafuu aliishusha nyambizi ile kutoka juu ya kabati ili aitengeneze. Katika boksi lake la vifaa alikuta pete nyekundu zilizobaki, alizonunua mwaka ule wa siku ya wageni kwa sababu nyeusi alizozizoea zilikuwa zimekwisha dukani, akaipaka moja grisi yake ya siku zote, akaiacha, na aliporudi kuitazama ilikuwa imevimba vile vile. Pete nyekundu zilikuwa raba ya silikoni, na grisi yake ni ya silikoni, hao ni ndugu wasiofaa kulazwa chumba kimoja, raba huinywa grisi, ikavimba, ikauacha mfereji. Aliniita, akaniwekea ile pete kiganjani, akasema: "Nimeizamisha mimi, nikampa mwanangu jina."

Nilimsihi amtume binti yake akamweleze kaka yake, akakataa, akadai kosa alilolitamka mbele ya watu atalifuta mbele ya watu, na mwanawe akisikia. Alimpigia simu, haikupokewa, na simlaumu mpwa wangu. Binti ndiye aliyembembeleza kaka yake hata akakubali kuja, lakini mama yake alifariki Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, hospitalini, kijana akafika Jumatano. Jambo hilo linaniuma, na sitalipamba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotupikia na kulala nasi, na wafanyakazi wenzake waliolibeba jeneza, ambao dada amewaachia ombi moja, kwamba jina la Zamisha lizikwe naye leo, kwa kuwa lilikuwa lake.

Na wewe mpwa wangu, uliyesimama mlangoni kama mgeni, sogea mbele ukae na dada yako. Nyambizi iko juu ya meza ya jikoni, imekauka, ina pete mpya nyeusi, na kifuniko kiko wazi. Nilitaka kukifunga, mama yako akanizuia, akasema nimwachie fundi wake.

Dada, nimesoma yote. Pumzika kwa amani.