Sinema za Mama Anayesinzia

Ndani ya basi, kinyozi alikuwa akibishana na mama mwoka mikate aliyeketi naye, juu ya sinema ya televisheni ya Jumamosi. "Nahodha alirudi kwa mkewe," mama alishikilia.

Kinyozi akacheka. "Shangazi, nahodha alizama! Ulitazama kwa macho ya nani?"

"Ya mume wangu. Mimi naamka alfajiri kukanda unga, kwa hiyo husinzia katikati. Mwisho hunisimulia yeye. Kaniambia walikumbatiana bandarini." Kisha akauliza polepole, "Na ile ya mwezi uliopita, yule bibi mgonjwa, alipona?"

Kinyozi, ambaye hajawahi kumficha mteja upara wake, alilikumbuka vizuri jeneza la yule bibi. Basi likasimama.

"Alipona, shangazi," akasema, akimpisha ashuke. "Tena alinenepa."