Mama Inama, Mpanga Herufi

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni kitindamimba wa marehemu, nimepewa kuisoma historia hii kwa sababu kaka zangu wawili wamesema hawawezi, nami sina hakika kama naweza, hivyo sauti ikikatika naomba mnivumilie.

Mama yetu alizaliwa tarehe 4 Machi 1957, mtoto wa tatu wa dereva wa lori na mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akasoma shule ya msingi ng'ambo ya reli, kisha sekondari hadi 1975, na bibi alitusimulia kwamba kila alipohamishiwa darasa jipya alisimama mlangoni kwa woga kabla ya kuingia.

Januari 1976 aliajiriwa katika kiwanda cha kupiga chapa, kazi yake kupanga herufi za madini ya risasi, ambazo hupangwa kinyume ili karatasi isomeke sawasawa, na wiki ya kwanza neno moja akalianzia mkiani, kadi za msiba zikatoka zimeandikwa "Pumzika kwa inama", akajificha stoo ya karatasi akijua kibarua kimeota nyasi, lakini msimamizi alimfuata, akamwambia neno halijipangi lenyewe, akamrudisha mezani, na tangu siku hiyo kiwanda kizima kikamwita Inama.

Tarehe 19 Septemba 1981 alifunga ndoa na fundi umeme aliyekuja kutengeneza taa za kiwanda, yaani baba yetu, ambaye naye hakuwahi kumwita kwa jina jingine, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 1994 zililetwa kompyuta, herufi zake zikauzwa kama chuma chakavu, wenzake wengi wakaondoka kabla ya kuondolewa, naye aliogopa kuliko wote, alimwambia baba kwamba akiingia pale anajiona kama mwizi katika nyumba yake mwenyewe, wenzake wakamtania kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame na yeye jina tayari analo, basi akainama, akawauliza wasichana wa kompyuta, waliomwita shangazi, kitufe kilekile leo na kesho, hadi alipostaafu mwaka 2012. Hatukumwona akiacha kuogopa, tulimwona akiogopa na kwenda.

Tarehe 9 Novemba 2021 alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia na sauti vikaondoka pamoja, tukaiona hofu machoni mwake na tukashindwa kuitazama, lakini akaanza upya kujifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, kama mtoto, na wiki yake ya mwisho akamwandikia baba neno moja, "inama", baba akainama, mama akamshika shavu, na hadi leo hatujui kama alikuwa akimwita karibu, au alitaka kuandika amani akalianzia mkiani. Alifariki tarehe 12 Juni 2023, alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotusaidia kumgeuza kitandani, na wafanyakazi wenzake waliochapa kadi za leo, ambao wamesema neno la mwisho wamelikagua wote.

Mama, baba anaogopa kuingia chumbani, sisi tunaogopa kurudi nyumbani, na tutarudi. Wewe umeinama vya kutosha.

Pumzika kwa amani.