Gogo la Mpingo na Digrii ya Hesabu

Kijiwe cha Mtoni huanza kupata moto alasiri, Mwishehe akishatua birika lake la kahawa juu ya jiko la mkaa kando ya benchi. Siku hiyo mwenye shughuli alikuwa Kornelio, mchonga vinyago wa Kimakonde ambaye pale wanamwita Tindo. Binti yake Eufrazia alikuwa amechaguliwa kwenda Chuo Kikuu, Mlimani, kusomea digrii ya hesabu, na mambo ya bure yalikuwa yamekwisha: mwanafunzi anakopeshwa chakula na kitanda, akimaliza alipe, nauli na vikorokoro vingine juu ya mzazi. Kornelio hakuwa na akiba isipokuwa gogo moja la mpingo, nene, limenyooka, alilolitunza miaka mingi akingoja apate wazo la kinyago kinacholistahili. Mnunuzi angekuja jioni ileile. Kusema kweli alilipenda gogo lile mno, na alikuja kijiweni akiomba Mungu wenzake wamkataze.

— Mie nakukataza mapema, — alisema Ruksa, muuza mitumba ambaye kwake kila biashara ruksa, ndiyo maana akapata jina hilo. — Wahenga walisema elimu ni bahari. Bahari kazi yake nini, Tindo? Kuzamisha watu!

Kornelio akaitikia kwa kichwa, roho yake kwatu.

— Huyo mwenye digrii atalipwa nini? Mshahara wa mwalimu unakata tarehe kumi. Mpe binti belo moja la mitumba, mwezi haupiti ana TV ya rangi.

— Thubutu! — akaruka Alfonsi, fundi wa zamani wa kiwanda cha nguo, ambaye tangu wapunguzwe kazi anaitwa Punguza. — Siku ile tunatolewa, aliyekuja na kalkuleta nani? Mtu wa hesabu! Kakaa mezani, kabonyeza, kabonyeza, sie wote nje. Yeye alipunguzwa? Wapi! Mtu wa hesabu hafukuzwagi, yeye ndo anafukuza. Usimwamshe aliyelala!

— Nyie mnaongelea vijisenti, — alisema Hija Redio, ambaye redio yake haimtoki sikioni. — Nchi yenyewe inadaiwa na Wazungu. Sasa Eufrazia akimaliza tu, Benki ya Dunia inamchukua, inampa makaratasi yote ya deni. Anapiga hesabu wiki nzima, haogi. Anagundua nini?

— Nini?

— Walikosea kujumlisha! Kumbe sie ndo tunawadai! Haraka haraka haina baraka.

— Acha kamba, Redio!

— Hapo Tindo unahamia Mikocheni. Geti jeusi, mbwa wawili.

Kornelio alicheka, lakini lile geti likaanza kumpendeza, naye hakutaka lipendeze.

— Tuwaache Wazungu, — alisema. — Deni la mtoto litafika wapi?

Ruksa alikuwa akilingoja swali hilo. Akachukua kashata za Mwishehe na kuzipanga kwenye benchi moja moja.

— Hii chakula mwaka wa kwanza, hii kitanda. Hii chakula mwaka wa pili, hii kitanda. Mwaka wa tatu, hizi mbili. Tazameni deni lilivyo refu! Binti anaanza kazi na mzigo huu kichwani. Mcheza kwao hutunzwa!

Punguza akaitia moja mdomoni.

— Umekula nini wewe?

— Kitanda cha mwaka wa pili. Nampunguzia mtoto.

Benchi zima likaangua kicheko. Kornelio aliitazama ile safu kwa furaha ya siri. Deni lote lile! Nani angemlaumu baba kwa kumwepusha mwanawe?

— Basi, hesabu imekataa, — alisema. — Gogo siuzi.

Mnunuzi akatokea na mkokoteni wake, kijana aitwaye Anwar, ambaye hajawahi kukaa kijiwe kile.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba.

Akapewa kikombe, akaelezwa habari yote na kila mdomo kwa wakati mmoja. Akaziangalia kashata.

— Samahani, mie mgeni. Hizi zote ni chakula na kitanda, siyo?

— Ndiyo deni lake hilo, — alisema Ruksa.

— Kwani akibaki nyumbani hiyo miaka mitatu, hatakula? Hatalala?

Ruksa akazihesabu kashata upya. Redio akaanza kutafuta stesheni. Punguza, aliyekwisha kuokota kashata ya pili, akairudisha polepole. Mwishehe akainamisha birika awajazie, likatoa tope tupu.

Kornelio aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Hakuwa amekuja kupiga hesabu. Alikuja kutafuta watu wa kumpambia uchoyo wake, na mtoto mwenyewe alikuwa amesoma miaka yote ameketi juu ya gogo lilelile, koroboi pembeni, maana nyumba haikuwa na meza. Akasimama.

— Kijana, twende uani kwangu.

— Mzee, si wanasema huuzi?

— Sasa nauza. Bei ileile tuliyopatana, usipunguze hata senti.

Wakaenda. Kornelio alimsaidia kulipakia, wakalifunga kamba barabara, fedha akazitia mfukoni. Kisha akaweka kiganja juu ya gogo na kukiacha hapo kidogo.

— Haya, lichukue, — alisema. — Ila ukafike nalo mbali kabla hujalipasua. Nisije nikasikia.