Alhamisi ya Kuni ya Mwalimu Zéphyrin

Wazazi, jamaa na marafiki, mimi Raphaël, mdogo wake, nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya Mwalimu Zéphyrin Bauma, na nitayasoma yote, hata pale ulimi utakapokataa.

Alizaliwa Itebero, Walikale, tarehe 14 Machi 1981, mtoto wa pili wa Papa Albert na Mama Élisabeth, akasoma shule ya msingi hukohuko, sekondari akaimalizia Masisi, akapata diplome ya Serikali mwaka 2001, na tangu Septemba 2003 akafundisha bila kuacha, hata miaka ya kukimbiakimbia. Tarehe 12 Agosti 2006 alifunga ndoa na Mama Godelieve, Mungu akawapa Céline, Guy na Astrid.

Mwaka 2023 vita ilitufikisha kambi ya wakimbizi ya Lushebere, na huko kaka akaunganisha hesabu na sayansi kuwa somo moja, mkaguzi akamkemea, naye akajibu kwamba chungu cha maharagwe hakijui ratiba. Wanafunzi walipima kuni nyumbani kwao, wakahesabu dakika za kuchemsha, wakaona wenyewe kwamba mbabula, jiko la udongo, inakula nusu ya kuni za mafiga matatu, kwa hiyo mama aliyekwenda msituni mara mbili kwa juma angeweza kwenda mara moja. Wakafinyanga mbabula kambi nzima, na kaka akashauri kina mama waende msituni pamoja kwa usalama, siku moja, Alhamisi, wasitembee wawiliwawili tena.

Hesabu ilikuwa sahihi, lakini wenye bunduki nao waliijua Alhamisi. Tarehe 6 Novemba 2025 waliwavizia kina mama njiani, mmoja wao, Mama Constance, akauawa, na kaka aliposikia milio alikimbilia huko, akapigwa risasi ya tumbo. Siku ishirini na tatu za hospitali hakulalamikia maumivu, alilalamikia Alhamisi, akisema ni yeye aliyeichagua, mpaka nikachoka nikamwambia anyamaze, na neno hilo ninalijutia mbele yenu. Alifariki tarehe 29 Novemba, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye dawa zikiwa haba, walimu wenzake waliombeba kwa tipoyi, machela ya mabegani, hadi hospitali, na majirani wanaotupikia tangu juzi.

Mama Fifi, dada mkubwa wa marehemu Constance, ameomba nisome neno lake kama alivyolisema: “Mwalimu, ile siku sisi wote njo tuliichagua, na Constance njo wa kwanza alinyoosha mukono. Usiende na ile muzigo.”

Kaka, umesikia. Sasa pumzika.